Dogo ana uvimbe mgumu wa mfupa juu ya jicho na jicho linashuka, waliopitia hili na wataalamu naomba msaada (Kigoma)

Mtoto wa Gungu

Mwakeye wakuu. Nina mdogo wangu wa kiume miaka 17, yuko kidato cha tatu, juu ya jicho la kushoto pale kwenye nyusi ana uvimbe mgumu, ukiugusa ni mfupa mtupu, hausogei, hauumi, ngozi ya juu iko kawaida tu. Mwanzoni tulijua kaanguka na baiskeli akaficha, ila haukuisha, na ukichukua picha aliyopiga akimaliza la saba ukaiweka pembeni ya picha ya sasa unaona kabisa jicho la kushoto limeshuka na limetokeza kidogo. Haoni vitu viwili viwili, ubaoni anasoma, kichwa kinamuuma mara moja moja. Hospitali wamepiga eksirei, daktari kasema mfupa umenenepa, tufanye siti skani halafu ataandika rufaa.

Shida iko nyumbani. Bi mkubwa hali chakula, majirani wamemwambia ni saratani na ikiguswa na kisu inasambaa mwili mzima. Mjomba kaja toka Buhigwe na mtu wake wa chale, anasema anautoa uvimbe nje nje bila hospitali. Mzee yeye anataka dogo apakizwe treni aende Dar akakatwe yaishe. Kila mtu ana lake na mimi ndo wanaeniangalia niamue kwa sababu eti nimesoma. Hii ni saratani kweli? Na lazima akatwe?

Mgebuka Mkavu

Pole sana mkuu, ngoja wataalamu waje. Ila huyo wa chale mpeni nauli arudi Buhigwe. Atachanja ngozi, mfupa utabaki pale pale ukimwangalia.

Mwana wa Manyovu

Msikimbilie kudharau tiba za wazee. Bibi yangu alivimba juu ya jicho likapona kwa majani tu, hakuona daktari hata mmoja.

Mgebuka Mkavu

Lilikuwa na usaha?

Mwana wa Manyovu

Ndiyo lilipasuka lenyewe.

Mgebuka Mkavu

Basi hilo lilikuwa jipu mkuu, lingepona hata kwa maji ya moto 😂 Hapa tunaongelea mfupa.

Tabibu wa Kasulu

Mtoto wa Gungu pole. Niko kwenye masomo ya ubingwa wa macho, kwetu ni Kasulu. Dogo sijamwona kwa macho yangu kwa hiyo naandika ya jumla, picha ndo itasema la mwisho.

Kwa maelezo yako harufu ya saratani ni ndogo. Kitu cha kwanza sisi tunauliza ni kasi. Uvimbe uliochukua miaka, mgumu, hauumi, macho yote yanaona, mara nyingi ni uvimbe wa mfupa usio saratani. Unaokua kwa wiki, unauma, au jicho limetoka ghafla na uoni unashuka, huo ni mwingine kabisa na hausubiri foleni ya rufaa. Na tukikuta jicho jekundu, homa, kope limevimba linauma, hapo tunawaza usaha wa sainasi (vyumba vya hewa ndani ya mifupa ya uso) umevuka kuingia kwenye tundu la jicho, na huyo analazwa siku hiyo hiyo.

Ili uelewe kwa nini jicho linashuka: tundu la jicho limejengwa na mifupa 7 na nafasi yake yote ni kama mililita 30 tu, ndani yake kuna jicho, mafuta, misuli 6 ya kuzungusha jicho, neva na mishipa ya damu. Mfupa ukinenepa hata kidogo hakuna pa kwenda, jicho ndo linahama. Na linahama kwa kukimbia uvimbe, kwa hiyo mwelekeo peke yake unatuonyesha pa kutafuta. Ukiwa kwenye paji la uso jicho linasukumwa chini na nje. Ukiwa upande wa pua jicho linakwenda upande wa sikio. Ukiwa nyuma kabisa linatoka mbele moja kwa moja. Dogo limeshuka, kwa hiyo paji la uso linaeleweka.

Kliniki watampima kwa kifaa cha kupimia jicho limetokeza kiasi gani, tofauti ya zaidi ya milimita 2 kati ya macho mawili hatuiachi hivi hivi. Ila nyumbani fanya hivi leo: mfunike jicho moja asome gazeti, kisha lingine. Halafu mwonyeshe kifuniko chekundu cha soda kwa jicho moja moja umuulize wekundu ni ule ule au upande mmoja umepauka. Neva ya jicho ikianza kubanwa rangi nyekundu huwa inapauka mapema, wakati mtu bado anasoma herufi zote ubaoni na anakwambia naona fresh.

Kuhusu kisu kusambaza ugonjwa, mwambie bi mkubwa hapana. Uvimbe usio saratani hausambai, ukatwe usikatwe. Hatari yake ni pale ulipokaa.

Halafu siti skani waombe ya tundu la macho na sainasi, vipande vyembamba vya milimita 1 hivi, na wakupe CD yenye picha zote. Watu wengi wanatembea na karatasi ya ripoti tu, wakifika hospitali kubwa wanaambiwa rudia, hela inatoka mara mbili na mionzi mara mbili.

Unyanyembe Original

Mwangaluka wakuu, niko Tabora, Cheyo. Hili limenikuta mwenyewe. Mimi ilianza kama mafua yasiyoisha na kichwa kuuma juu ya jicho la kulia, nikapewa dawa za sainasi na antibayotiki weee hadi nikachoka, huku jicho linashuka taratibu mpaka mke ndo akaniambia baba nanii mbona unaniangalia kiupande. Siti skani ilivyotoka hata mimi nisiye daktari niliona, donge jeupe limejaa ndani ya sainasi ya paji la uso. Wakaita ostioma, uvimbe wa mfupa usio saratani. Nikapata rufaa mpaka Dar nikapasuliwa na madaktari wa macho na wa pua pamoja.

Sasa nikwambie ukweli, msikae mkisubiri subiri. Mimi wametoa na jicho limerudi mahali pake. Wamepasua kichwani ndani ya nywele toka juu ya sikio hili hadi juu ya sikio lile, wakashusha ngozi ya paji la uso mbele, nilivyoambiwa mapema hivyo nilitaka kukimbia wodini aisee, ila kovu liko ndani ya nywele hulioni hadi ninyoe kipara. Nilikuwa nusu kaputi sikujua kitu. Mfupa uliobaki na tundu wakaziba na wavu wa titaniumu. Kilichobaki ni ganzi juu ya paji la uso, nikijikuna naona kama najikuna kichwa cha mtu mwingine, na imepungua kadiri muda unavyokwenda.

Ila kuna swali waliniuliza hadi leo sijaelewa, eti kwenye ukoo wenu kuna mtu aliugua saratani ya utumbo mpana? Mimi naumwa jicho wao wanauliza utumbo.

Mgebuka Mkavu

😂😂 Hapo hata mimi ningeomba kubadilishiwa daktari.

Tabibu wa Kasulu

Unyanyembe hongera kwa kupona, na hilo swali lilikuwa la maana kuliko ulivyodhani. Kuna ugonjwa wa kurithi unaitwa sindromu ya Gardner, mtu anaota ostioma kadhaa kwenye fuvu na taya, anaweza kuwa na meno ya ziada na vinundu vya ngozi, na kwenye utumbo mpana anaota vinyama vingi sana ambavyo visipotolewa mwisho wake huwa ni saratani. Mara nyingine ostioma ya usoni inaonekana miaka kadhaa kabla tumbo halijasema chochote. Kwa hiyo mwenye ostioma zaidi ya moja, au ndugu waliougua utumbo wakiwa vijana, anapelekwa kupimwa utumbo kwa kamera. Mwenye moja tu na ukoo safi kama wewe kwa kawaida haimhusu, ila kuuliza ni lazima.

Ostioma yenyewe ni mfupa halali kabisa uliokosea mahali pa kuota. Inakua polepole mno, kwa wastani haifiki milimita 2 kwa mwaka. Watu kama 3 kati ya 100 wanaopigwa siti skani ya kichwa kwa sababu zao nyingine wanakutwa nayo na hawana habari. Hao hatuwakati, tunarudia picha baada ya muda tuone imesogea au la. Tunakata pale inapoziba njia ya sainasi hadi makamasi yanajikusanya na kuwa mfuko, au inasukuma jicho, au inaelekea kwenye ubongo, au inakua haraka kuliko desturi. Wewe ulikuwa nazo mbili kati ya hizo.

Na siyo kila ostioma inahitaji kushusha ngozi ya kichwa. Ndogo iliyo karibu na pua inatolewa kwa kamera kupitia tundu la pua, nyingine kwa mkato mdogo kwenye mkunjo wa kope la juu ambao ukipona huuoni. Ile kubwa hatuivuti nzima, tunaitoboa katikati kwa drili tunaimega ndani kwa ndani inabaki ganda jembamba, halafu ganda ndo linabanduliwa taratibu kwa sababu nyuma yake huenda kuna utando wa ubongo umegusana nalo. Ule utando ukitoboka, maji ya ubongo yanavuja puani.

Unyanyembe Original

Ndiyo maana nilikatazwa kupenga kamasi kwa wiki kadhaa! Wakaniambia nikiona maji meupe yanatiririka puani yenye chumvi chumvi nirudi mbio.

Tabibu wa Kasulu

Ndo hiyo hiyo. Na usiku wa kwanza walikuwa wanakuamsha kukumulika tochi na kukuuliza vidole vingapi, au sivyo? Wagonjwa wanachukia sana kuamshwa ila ndiyo kazi yenyewe ya usiku ule. Damu ikivujia nyuma ya jicho baada ya oparesheni, jicho linatokeza, linakuwa gumu, linauma vibaya na uoni unaondoka, neva inakosa damu na una kama saa moja na nusu hadi mbili za kuiokoa kwa kukata kona ya nje ya kope ili presha itoke. Nesi akilala hapo jicho limekwenda.

Mama Wawili KGM

Nifuatilie uzi huu. Shangazi yangu zaidi ya miaka 50, yeye kavimba pembeni kwenye panja na jicho limetoka upande huo huo, naye kaambiwa mfupa umenenepa. Ni kitu kimoja?

Tabibu wa Kasulu

Mama Wawili, kwa umri huo na sehemu hiyo, hasa mwanamke, lazima mtu awaze meninjioma, uvimbe wa utando wa ubongo ambao unaingia kwenye mfupa wa nyuma ya panja na kuufanya unenepe. Kwenye siti skani unaona mfupa tu unadanganyika, ndiyo maana anahitaji MRI yenye dawa ya mshipani, hiyo ndo inaonyesha nyama iliyojificha nyuma ya mfupa. Nyingi siyo saratani, ila mpasuaji wake ni daktari wa ubongo akishirikiana na wa macho. Muulizeni aliyempima.

Mtoto wa Gungu

Nimerudi wakuu, samahani kwa ukimya. Mtihani wa kifuniko cha soda kafaulu, wekundu uko sawa macho yote. Mtu wa chale karudi kwao na kuku wake, hakufurahi.

Siti skani imetoka. Ripoti inasema siyo ostioma. Wameandika faibrasi displasia, imeshika mfupa wa paji la uso upande wa kushoto mpaka mfupa ulioko nyuma ya jicho, muonekano wa ukungu ukungu, na mwishoni wameandika mfereji inapopita neva ya jicho umekuwa mwembamba. Mzee alivyosikia mfereji umebanwa ndo kawa mkali, anasema hata kama ni kuuza kiwanja Mwanga auze, dogo akatwe kabla hajapofuka. Na aliyetuandikia rufaa ya hospitali ya Bugando, Mwanza, katuambia kwa utulivu tu kwamba wanaweza wasimkate. Sasa Unyanyembe kakatwa kapona, dogo wangu mfereji umebanwa halafu asikatwe? Nimeshindwa kumjibu mzee.

Unyanyembe Original

Hata mimi sielewi. Yaani mnasubiri apofuke ndo mpasue?

Kaliua Boy

Natia nanga hapa, nataka kusikia jibu.

Tabibu wa Kasulu

Hapa nitaandika kirefu mnivumilie.

Kwa nje dogo na Unyanyembe wanafanana, wote nyusi imevimba na jicho limeshuka. Kwa ndani ni magonjwa mawili tofauti. Ostioma ni donge lenye mpaka, linakaa peke yake, ukilitoa limetoka. Faibrasi displasia haina mpaka, ni mfupa wenyewe uliokosa kukomaa, mahali pa mfupa mgumu kunakuwa na nyuzi nyuzi na vipande vya mfupa laini vimechanganyikana, ndiyo maana kwenye picha unaonekana kama kioo chenye ukungu. Inatokana na hitilafu ya jeni inayoitwa GNAS ambayo inatokea mtoto akiwa tumboni baada ya mimba kutunga, kwa hiyo hakurithi kwa mzee wala kwa mama na watoto wake hatawarithisha. Wala hakuna aliyemroga, kama mjomba bado yuko karibu.

Ukitaka kuitoa yote kwa dogo ina maana unatoa paji la uso, dari ya tundu la jicho na mfupa wa nyuma kabisa pale neva ya jicho inapoingilia kwenda kwenye ubongo. Hapo sasa ndo penye mgogoro. Zamani madaktari waliona mfereji umebanwa kwenye picha wakawa na mawazo kama ya mzee, tuutanue mapema. Drili ikipita pembeni ya neva ina joto na mtikisiko, damu ikivuja kidogo pale ndani hakuna nafasi, na waliamka watu waliolala wanaona wakiwa hawaoni. Mwaka 2002 wenzetu wa Marekani wa taasisi ya taifa ya afya, NIH, walichapisha kwenye New England Journal of Medicine uchunguzi wa wagonjwa 38 wenye ugonjwa huu wa fuvu, wakakuta mifereji ni myembamba kweli lakini walio wengi mno wanaona vizuri kabisa, hata wale ambao mfupa umezunguka neva yote. Yaani wembamba kwenye picha peke yake hautabiri upofu. Tangu hapo msimamo wa wengi ni kwamba jicho linaloona halipasuliwi kwa kinga.

Kwa hiyo Unyanyembe swali lako jibu lake ni kwamba hatusubiri apofuke, tunapima neva mara kwa mara. Uoni, rangi, uwanja wa kuona pembeni, kumulika mboni, kuangalia nyuma ya jicho, na kama kuna mashine ya kupima unene wa nyuzi za neva nayo inafanyika, yote yanaandikwa leo ili miezi 6 ijayo kuwe na cha kulinganisha. Vikianza kushuka taratibu hapo upasuaji una sababu na timu inakaa kitako. Vikishuka ghafla ndani ya siku, hiyo ni dharura, kwa sababu mfupa wa namna hii unaweza kuzaa mfuko wa damu ndani yake ukajaa haraka ukakandamiza neva, hapo wanapasua bila kupoteza muda.

Sehemu ya mbele ndo tofauti. Paji la uso na nyusi vinafikika bila kugusa neva. Kuna madaktari wa Taiwan mwaka 1990 waligawa fuvu kwa maeneo, wakasema lile la mbele linaloonekana usoni unaweza kukata mfupa mbovu wote ukajenga upya kwa mfupa wa fuvu wenyewe, na lile la chini ya fuvu ulipapase kwa adabu au uliache. Wengine wanachonga tu kupunguza, ni kazi fupi zaidi ila kwa kijana anayekua unaweza kuota tena. Ugonjwa huu hukua zaidi utotoni na mara nyingi hupoa baada ya balehe, ndiyo maana kama ni suala la muonekano tu wengi wanamsubiri kijana amalize kukua. Hapo mzee anaweza kubaki na kiwanja chake kwanza.

Kaliua Boy

Na mionzi? Nasikia Ocean Road wanachoma uvimbe bila kupasua.

Tabibu wa Kasulu

Kwa faibrasi displasia, hapana kabisa. Kwa kawaida ugonjwa huu kugeuka saratani ni nadra, chini ya mtu 1 kati ya 100, ila ukiupiga mionzi ndo unaongeza uwezekano. Ocean Road ni ya wagonjwa wa saratani na huyu hana. Dawa za mifupa za kundi la bisfosfoneti zipo, zinasaidia maumivu kwa baadhi ya watu, hazipunguzi ukubwa.

Mtoto wa Gungu nina maswali mengine. Ana baka lolote la rangi ya kahawa kwenye ngozi? Amewahi kuvunjika mfupa kwa sababu ndogo? Anarefuka kupita wenzake?

Mtoto wa Gungu

Baka lipo! Mgongoni upande wa kushoto, kubwa, kingo zake zimechongoka chongoka, tangu azaliwe, bi mkubwa huwa anasema ni alama ya babu. Kuvunjika hapana. Urefu, viatu vyake ni namba 45, mimi kaka yake 41.

Tabibu wa Kasulu

Hilo baka lisiachwe bila kutajwa Bugando, mwambie daktari hata asipouliza. Jeni ile ile ya mfupa inaweza kugusa ngozi na tezi za homoni kwa pamoja, inaitwa McCune-Albright. Wamkague mifupa mingine hasa mapaja, na wampime homoni ya ukuaji na ya tezi ya shingo. Viatu namba 45 peke yake havithibitishi kitu, wapo warefu wa asili tu, ila homoni ya ukuaji ikizidi mifupa ya fuvu inaendelea kunenepa na ndipo neva inapokuwa hatarini kweli kweli. Na hiyo inatibika. Ukiniuliza mimi kwa dogo wako kipimo hicho cha damu kina thamani kuliko kisu kwa sasa.

Mgebuka Mkavu

Dah. Kuhusu gharama mkuu, kama bima hamna, mkifika pale ulizieni ofisi ya ustawi wa jamii kabla hamjaanza kulipa, na mbebe barua ya mtendaji. Msiogope kusema hamna.

Mtoto wa Gungu

Marejesho wakuu. Tumeshatoka Mwanza. Macho yote mawili 6/6, yaani yanaona kawaida, rangi zote kataja, uwanja wa kuona uko kamili. Daktari wa macho na wa ubongo wamemwona pamoja, wamesema kama alivyosema Tabibu, kwenye mfereji hawagusi. Mzee alikuja na shingo ngumu, daktari akamkalisha mbele ya kompyuta akamwonyesha neva inapita wapi na drili ingepita wapi, mzee akakohoa akauliza kwa hiyo tunarudi lini. Miezi 6. Mapaja wamepiga picha, la kushoto lina sehemu yenye ukungu ule ule, kaambiwa asicheze michezo ya kugongana mpaka wa mifupa amwone. Damu ya homoni imechukuliwa, majibu bado. Nyusi watamchonga akitaka mwenyewe akimaliza kukua, na dogo kasema hataki, eti wasichana wa shule wameshamzoea 😂

Unyanyembe Original

😂 Mwache. Nimejifunza kitu, nilikuwa nakulazimisha bure.

Mama wa Nguruka

Samahani naingilia uzi wa watu. Nimesoma mpaka mwisho. Mwanangu ana miaka 6, hajavimba kwa miaka kama huyo, ni kama wiki mbili tatu hizi shavu limevimba mpaka chini ya jicho na jicho limeanza kutoka nje, na meno ya upande huo yamelegea. Hana homa. Mganga wa meno wa hapa kasema nirudi wiki ijayo ang'oe. Naye asubiriwe?

Tabibu wa Kasulu

Mama HAPANA. Huyo haumhusu uzi huu hata kidogo. Mtoto wa umri huo, wiki chache, shavu na jicho kwa pamoja, meno kulegea, cha kwanza tunachowaza ukanda wetu huu ni limfoma ya Burkitt, ile aliyoiandika daktari Burkitt akiwa Uganda mwaka 1958. Hiyo ni saratani na inakua kwa siku, siyo kwa miezi. Lakini pia ni katika saratani zinazoyeyuka haraka kwa dawa za dripu ukiwahi, bila kukata uso wa mtoto.

Asing'olewe jino. Jino siyo tatizo, na kidonda cha kung'oa kitamchelewesha. Kesho asubuhi mpeleke hospitali ya rufaa ya mkoa, Maweni au Kitete, kokote unakofika mapema, usipitie dispensari. Waambie maneno haya matatu: wiki tatu, jicho, meno. Watachukua kinyama na damu na kumpima tumbo kwa utrasaundi, kisha watamsafirisha. Umsisitize anywe maji mengi njiani. Nimekutumia ujumbe pembeni, nijibu.

Mama wa Nguruka

Nimeuona. Gari la alfajiri lipo.